Kukagua na kutunza matandiko ya kale ya kauboi yenye nakshi za mkono

Nakshi ndizo huvuta macho, lakini ukaguzi wa tandiko la kale la Magharibi mwa Marekani uanze na fremu. Hii ni mbao iliyovikwa ngozi mbichi na kushonwa; ikivunjika, thamani huporomoka hata maua yawe mazuri vipi. Elekeza pembe ya mbele chini kwenye blanketi, kisha bonyeza taratibu ukingo wa nyuma wa kiti. Tandiko likinyumbuka au mbao zikilia, liache. Usitumie nguvu, maana uzi mkongwe hukatika upesi.

Sasa nakshi. Fundi wa mkono hulowesha ngozi, huichanja kwa kisu, ndipo hugonga kando ya mchanjo kwa vyuma vidogo ili ua liinuke. Mulika tochi kutoka ubavuni, utumie na lenzi. Utaona michanjo inayoanza na kina na kuishia membamba, na ua la kushoto halifanani kabisa na la kulia. Nakshi zilizobanwa kwa mashine ya rola au bamba hazina mchanjo wa kisu, ni za juujuu, na dosari ileile hujirudia kwa umbali uleule.

Tafuta muhuri wa mtengenezaji kwenye kiti na kwenye mapande yanayokinga miguu. F. A. Meanea wa Cheyenne, R. T. Frazier wa Pueblo na Visalia Stock Saddle Company ya California ni majina yanayosakwa sana. Soma na mji: watengenezaji wa matandiko Hamley walihamia Pendleton, mji wa Oregon, mwaka 1905, kwa hiyo muhuri wa Hamley wa Pendleton hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Umbo peke yake halitoshi kukadiria umri.

Kamba, na manyoya ya kondoo ya upande wa chini wa tandiko, kubadilishwa ni jambo la kawaida. Pande la mguu lenye nakshi za mkono mwingine ni hasara kubwa zaidi, na rangi mpya iliyopakwa tandiko zima mara nyingi huficha kiraka.

Ukipitisha kidole kikatoka na unga mwekundu, ngozi imeoza kwa asidi. Usitie maji wala mafuta: maji huifanya nyeusi na ngumu, na haitarudi ilivyokuwa. Yeyusha gramu 2 za Klucel G (unga wa selulosi unaotumiwa na wahifadhi wa ngozi) katika mililita 100 za ethanoli, jaribu mahali pasipoonekana, kisha paka kwa brashi laini. Dawa hii hushika unga tu. Nguvu ya ngozi hairudishi, hivyo tandiko hilo lisipandwe tena.

Ngozi ambayo haijaoza inatosha kufutwa vumbi kwa brashi. Tunasihi sana: msiloweshe matandiko ya maonyesho kwa mafuta ya kwato, yaani mafuta ya ngozi yatokanayo na miguu ya ng'ombe. Yakizidi hufifisha nakshi kwa weusi, hunasa vumbi na kukaribisha kuvu. Uchafu wa kijani kwenye vifungo vya shaba uondolewe kwa kijiti cha mbao; dawa ya kung'arisha chuma huganda ndani ya maua.

Weka tandiko juu ya stendi pana yenye umbo la mgongo wa farasi, mbali na jua, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 45 hadi 55. Likikaa sakafuni, pindo za chini hujikunja, na kuzinyoosha bila kupasua nakshi ni kazi ya fundi.