Somo: Mnyama abaki kwao – jinsi ya kumsaidia mfugaji aliyekwama

Simu huanza hivi: "Nina mbwa, nimeshindwa, njooni mumchukue." Anayepokea akijibu "sawa, mlete," basi nyumba imeshapoteza mbwa. Wengi wanaopiga hawataki kuachana na mnyama. Wamekwama mahali pamoja, na mara nyingi hapo pananasulika. Somo hili ni la wanaojitolea kupokea simu hizo na kwenda majumbani.

Hatua ya 1: Uliza, kisha nyamaza

Swali la kwanza: "Tatizo hili likiondoka leo, ungependa abaki?" Akisema ndiyo, muulize tatizo ni lipi na umwache aseme. Usithubutu kuuliza "ulimchukua wa nini kama huna uwezo?" Atakata simu, na mnyama ataachwa barabarani usiku.

Andika aina, umri, uzito, jinsia, kama amehasiwa au kufungwa kizazi, chanjo ya mwisho, chakula anachokula, na siku ya mwisho aliyonayo mfugaji: anahama lini, analazwa lini. Hiyo siku ya mwisho ndiyo inayopanga foleni yenu.

Kumbuka pia kwamba sababu ya kwanza kutajwa huenda siyo yenyewe. "Mbwa hana adabu" huweza kuwa mbwa anayefungwa kutwa. "Paka mchafu" huweza kuwa paka mgonjwa.

Hatua ya 2: Chakula kwa mizani

Mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa, anahitaji takriban kilokalori 630 kwa siku. Paka wa kilo 4 anayekaa ndani, kama 240. Chakula kikavu kingi hutoa kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo mbwa huyo atakula gramu 160–180 na paka gramu 60–70. Kwa mwezi ni kama kilo 5 na kilo 2. Mtoto wa mbwa chini ya miezi minne anahitaji karibu mara mbili ya mbwa mzima wa uzito uleule.

Tumieni mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya, kwa sababu punje ndogo hujaa kuliko kubwa. Mkigawa kutoka gunia kubwa, kila mfuko uandikwe: cha mbwa au cha paka, jina la chakula, tarehe ya mwisho ya matumizi, gramu kwa siku. Gunia likishafunguliwa limalizwe ndani ya wiki sita hivi, maana mafuta yake huchacha.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kubadilisha chakula ghafla. Mnyama anaharisha, mfugaji anadhani mmempa kilichoharibika, anakitupa. Changanya robo ya kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, siku ya saba kipya kitupu. La pili ni kumlisha paka chakula cha mbwa kwa miezi. Mlo mmoja haumdhuru, ila hakina taurini (kirutubisho anachohitaji paka) ya kumtosha, na akikizoea moyo hudhoofika na macho hufa. Na paka akigoma kula zaidi ya siku moja, hasa mnene, aonwe na daktari wa mifugo, kwani mafuta huanza kujaa kwenye ini.

Hatua ya 3: Afya kabla ya tabia

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hatoi mkojo au anatoa matone tu, hana tabia mbaya. Mrija umeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Apelekwe saa hiyohiyo.

Paka akikojoa ovyo na daktari hakuona ugonjwa, geukieni choo chake. Masanduku ya mchanga yawe idadi ya paka jumlisha moja, mbali na bakuli la chakula, na kinyesi kiondolewe kila siku. Alipokojoa pasafishwe kwa sabuni yenye vimeng'enya. Dawa zenye amonia hunukia mkojo kwake, naye hurudi palepale.

Viroboto huwafukuzisha wanyama wengi kuliko inavyodhaniwa. Chana manyoya ya mgongoni kwa kitana chenye meno ya karibu, kung'uta vumbi jeusi juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Likigeuka wekundu wa kutu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyosagwa. Tibu wanyama wote wa nyumba siku moja, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na uendelee miezi mitatu, kwa kuwa buu aliyejifunga kwenye kifuko hadhuriki kwa dawa na hutoka wiki kadhaa baadaye. Dawa ya mbwa yenye permethrini (sumu ya kuua wadudu) isimguse paka. Inaua.

Hatua ya 4: Mwenye nyumba

Mwenye nyumba akimkataa mnyama, someni mkataba wa kupanga kwanza. Kisha mpelekeeni barua fupi yenye cheti cha chanjo, uthibitisho wa kuhasiwa, na jina la atakayemtunza mnyama mfugaji akisafiri. Lalamiko likiwa kelele, acheni simu irekodi mfugaji akiwa ametoka. Mbwa anayeanza kubweka dakika chache baada ya mlango kufungwa ana hofu ya upweke. Anayebweka wapita njia wakipita anahitaji pazia tu.

Hatua ya 5: Malezi ya muda

Mfugaji akilazwa au akikosa makazi, mnyama alelewe kwingine bila kubadili umiliki. Karatasi iseme: tarehe ya kuanza na kurudi, nani analipa daktari, nani anaidhinisha upasuaji, namba ya mtu wa pili, na baada ya siku ngapi za ukimya mtaamua vinginevyo. Bila kipengele hicho cha mwisho mtagombana.

Mbwa aliyekwisha jeruhi mtoto vibaya, au mfugaji aliyejibu "hapana" kwenye swali la kwanza, hapo mpokeeni mnyama bila kubembeleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, kuna mzee tunayemsaidia anampa paka wake nusu kidonge cha parasetamoli akimwona anachechemea. Kuna shida?

Jibu: Kubwa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, hata kidonge kimoja huweza kumuua. Tazameni fizi (kahawia au samawati), uso na miguu kuvimba, kuhema kwa shida. Msisubiri dalili, mpelekeni leo na pakiti yenyewe. Ibuprofeni nayo isitolewe, kwa paka wala mbwa.

Swali: Tunashuku familia moja inauza chakula tunachowapa.

Jibu: Mpimeni mnyama kila mnapopeleka. Papasa mbavu pia: zihisike kwa kidole bila kubonyeza, ila zisichomoze. Uzito ukiwa sawa, chakula kinaliwa. Ukishuka, toeni cha wiki moja badala ya mwezi, kwenye mfuko uliofunguliwa ili usiuzike.

Swali: Mbwa anatafuna makochi mfugaji akiwa kazini. Amchape?

Jibu: Hapana, hataunganisha kipigo na kochi la asubuhi. Atembezwe nusu saa kabla ya kuachwa, na sehemu ya chakula chake imwagwe kwenye nyasi aitafute. Ila kama ameharibu mlango na kuna mate sakafuni, hiyo ni hofu. Azoezwe kuachwa sekunde chache kwanza, kisha dakika, na daktari ashirikishwe.

Swali: Mama mmoja ana paka 14, wanaongezeka kila tukirudi. Tuanzie wapi?

Jibu: Majike wafungwe kizazi kwanza. Jike hushika mimba hata akiwa na miezi minne, na hubeba siku 63 hadi 65. Mkikosa nafasi za upasuaji, tenganisheni madume chumba kingine. Na dume akishahasiwa akae mbali na majike mwezi na nusu, maana mbegu zilizobaki huweza kupandisha.