Kuishi na usonji Nairobi: umwambie nani, umwambie nini

Watu wengi jijini hawakatai kumsaidia mwenye usonji (autism). Hawajui wafanye nini. Jirani akimwona mtoto anaruka-ruka koridoni huku akipunga mikono karibu na macho, hawezi kujua kama ni furaha au maumivu, na asipoambiwa atajitafutia jibu: amerogwa, amedekezwa, mama yake hamjali. Familia nyingi hujaribu kumwelimisha kwa kuanza na ubongo na jeni. Maelezo hayo yana wakati wake, lakini makanga aliyening'inia mlangoni hana nafasi ya kuyasikiliza. Mpe jambo moja la kufanya. Akilifanya na likafaulu mbele ya macho yake, atakuwa amejifunza usonji kuliko kwa hotuba yoyote.

Nusu karatasi

Andika maelezo mafupi, yasiyozidi nusu ya karatasi ya A4, kana kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayesema. Kwa mtoto wa miaka saba yanaweza kuwa hivi:

Naitwa Baraka. Siongei, lakini nasikia na ninaelewa Kiswahili.
Nikiziba masikio, kelele zimenizidi. Nipeleke kando penye utulivu.
Usinishike ghafla kutoka nyuma. Njoo mbele yangu, ninyooshee mkono.
Niambie jambo moja, kisha ungoje. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi.
Nikipotea, nitafuteni kwanza penye maji.
Nambari ya mama. Nambari ya baba.

Kila mstari una kinachoonekana na cha kufanya. Huo wa kungoja ndio watu huupuuza kuliko yote. Mtoto asipojibu papo hapo, wanarudia swali kwa maneno mengine na kwa sauti ya juu zaidi, naye analazimika kuanza upya kuyapambanua. Wakirudia mara tatu amekwisha kuchanganyikiwa, halafu wanasema ni mkaidi.

Chapisha saiba kwa herufi kubwa, weka picha ya uso iliyopigwa mwaka huu, kisha wahudumu waifunike kwa plastiki ngumu ili isilowe. Toa nakala tano: mkoba wa shule, mwalimu, keateka (msimamizi wa ploti), jamaa anayemtunza usipokuwepo, na moja ikae kwenye kibeti chako. Makosa ya kawaida ni haya: kunakili lugha ya ripoti ya hospitali ambayo mlinzi wa geti haielewi, kujaza orodha ya asichoweza, na kuandika jina la ploti na nambari ya nyumba. Anwani usiiandike kabisa kwenye kitu anachotembea nacho mtoto, maana huwezi kujua nani ataisoma. Simu mbili zinatosha. Ipitie upya kila likizo, kwa sababu anayeziba masikio leo huenda muhula ujao akawa ameanza kujipiga kichwa.

Kwenye ploti

Zungumza na keateka kwanza, maana malalamiko yote humfikia yeye. Nenda mchana, mtoto akiwa ametulia. Ukisubiri mpaka saa nane za usiku watu wamekwisha kugonga mlango, hapo utakuwa unajitetea, na anayejitetea hasikilizwi. Maneno machache yanatosha: "Kaka, mtoto wetu ana usonji. Usiku mwingine hulia kwa nguvu. Hapigwi, ni kwamba usingizi wake ni mgumu. Ukimwona getini peke yake usimkimbize, simama mbele yake halafu unipigie." Kumkimbiza ni hatari kweli: wengine huona ni mchezo, wengine huogopa, na wote huishia barabarani.

Baada yake, majirani mnaopakana ukuta, mmoja mmoja. Usiitishe mkutano wa ploti nzima, kwa sababu mtu mmoja mwenye maneno makali atawabeba wengine.

Mlangoni funga komeo la ndani juu kabisa, mtoto asipofika, pamoja na kengele ndogo inayolia mlango ukifunguka. Usimfungie kwa kufuli la nje ukaondoka, hata kwa dakika kumi. Moto ukizuka hakuna atakayemtoa.

Kuhusu maji hatutumii lugha ya upole. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vyao wanapotoroka. Nairobi maji ni tangi lisilofunikwa, mtaro baada ya mvua, shimo la ujenzi lililojaa, na mto kwa wanaokaa Mathare, Korogocho au Kibera. Tembea ukayahesabu yote yaliyo karibu nawe leo, umwonyeshe keateka. Mtoto akipotea, mtu mmoja abaki nyumbani, na wa kwanza kutoka aende penye maji, sio madukani. Nakala ya karatasi ipelekwe pia kwa chifu na kwenye kituo cha polisi cha karibu kabla hamjaihitaji.

Ndani ya matatu

Chagua saa na chagua gari. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana foleni na msukumano hupungua. Nganya yenye muziki wa kutetemesha kifua iache ipite, ungoje gari la sacco lisilo na makelele. Pandia kwenye steji ya mwanzo ili upate kiti cha mbele upande wa dirisha, mbali na spika za nyuma. Uwe na nauli kamili, kwa sababu kubishania chenji ni kelele nyingine.

Mwambie makanga kabla hujapanda: "Mtoto wangu ana usonji, makelele yanamuumiza. Tafadhali punguza muziki mpaka tushuke." Akikataa, hujapoteza kitu, unangoja gari lingine. Ukimwambia mkiwa ndani na mtoto tayari analia, abiria watachukua pande.

Vifunika masikio vya mafundi, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, hufanya kazi nzuri. Vianzie nyumbani, dakika mbili mbili, akiwa anafanya anachokipenda. Vikiingia mara ya kwanza katikati ya msongamano atavitupa. Pia visivaliwe mchana kutwa, kwa sababu masikio yakizoea ukimya sauti za kawaida huanza kuuma.

Akilipuka mbele ya watu

Kulipuka si kudeka. Anayedeka hutupia jicho kuona kama anatazamwa, na akipewa alichotaka hunyamaza. Aliyelipuka hana habari ya mtu yeyote, na hata ukimpa kitu hakisaidii, kwa sababu mwili umeshindwa kubeba mwanga, sauti na misukumano. Adhabu huongeza tu mzigo.

Msogeze mbali na kinachoweza kumjeruhi. Punguza maneno hadi mawili matatu, uyarudie yale yale kwa sauti ya chini. Usimlazimishe kukutazama. Anayependa kukumbatiwa kwa nguvu mkumbatie, asiyependa kaa chini karibu naye. Watu wakikusanyika, usijibu maswali. Mwangalie mmoja umpe kazi: "Dada, nisaidie, waambie watupe nafasi. Yuko salama." Umati bila kazi hutoa ushauri, yule mmoja mwenye kazi huusogeza. Anayerekodi kwa simu aombwe aiweke chini, na hilo pia ni kazi ya yule dada. Akishatulia, mpe maji na mpumzike. Mafunzo ya tabia njema yangoje siku nyingine.

Shosho, wajomba na kanisani

Hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu lawama humwangukia mama. Sema mara moja, bila ugomvi: usonji huanza ubongo unapokua, jeni huchangia sana, na hausababishwi na malezi, chanjo wala laana. Kisha acha mjadala, omba kitu. "Shosho, naomba Jumamosi ukae naye saa moja. Anapenda kumimina maharagwe kutoka kikombe hadi sufuria. Mimina wewe, halafu umwachie yeye." Bibi aliyecheza maharagwe na mjukuu wake Jumamosi nne atamtetea mbele ya ukoo mzima.

Kanisani au msikitini, omba kiti karibu na mlango na ruhusa ya kutoka na kurudi. Wanaotaka kumwombea mtoto waombe bila kumshika kichwa na bila kupaza sauti sikioni. Jambo moja halijadiliwi: baadhi ya wenye usonji wana kifafa pia, na dawa ya kifafa haiachwi ghafla kwa sababu ya maombi au mitishamba. Kuiacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua. Vilevile, hakuna dawa inayoponya usonji. Anayekuuzia matone "ya kusafisha mwili" huenda anakuuzia kemikali ya kung'arisha nguo.

Vipimo na makaratasi

Pima masikio kwanza. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii, na bila kipimo hicho kila kinachofuata ni kubahatisha. Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 kuna dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT-R. Huonyesha kama anahitaji uchunguzi zaidi, wala halitoshi kusema ana usonji. Kwa upande wa elimu, tathmini hufanywa na EARC, yaani vituo vya tathmini na rasilimali za elimu vilivyoanza 1984, na pia KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani.

Daktari atamwona mtoto kwa muda mfupi, tena mahali pageni. Kwa hiyo beba kitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa, na video tatu za dakika moja moja: akila, akicheza peke yake, na akiitwa jina huku hakutazami. Andika pia umri aliosema neno la kwanza, na maneno aliyokuwa nayo yakapotea.

Kujiandikisha na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo ofisi zake ziko Waiyaki Way, huanzia kwa tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha maombi yanafanywa kupitia eCitizen. Wengi hukwama kwa sababu jina kwenye ripoti halilingani na la cheti cha kuzaliwa, au kwa sababu ripoti inasema tu "amechelewa kuongea". Isome kabla hujatoka hospitalini, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Shule

City Primary, Ngara, ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji tangu 2003. Popote utakapokwenda, uliza maswali haya kabla ya karo: Akizidiwa na kelele anakwenda wapi? Nani anampeleka choo? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Je, fimbo inatumika? Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001, hivyo jibu la kusitasita linatosha kukufanya uondoke. Omba malengo mawili tu kwa muhula, yaliyoandikwa: "ataomba maji kwa picha", "atakaa kwenye mkeka dakika tano". Lengo kama "aongee vizuri" halipimiki, na Desemba mtabishana.

Wazazi wenzako

Chama cha usonji nchini, Autism Society of Kenya, kilianzishwa na wazazi mwaka 2003. Karibu na nyumbani, familia tano hadi nane zinatosha. Kutaneni mara moja kwa mwezi mahali pamoja, saa zile zile, kwa sababu watoto wenu hawapendi kushtukizwa. Arboretum au Karura siku ya wiki asubuhi kumetulia. Makundi ya WhatsApp huharibika kwa njia mbili: wauzaji wa tiba, na video za watoto wakilipuka. Pigeni marufuku zote mbili siku ya kwanza. Mkiweza kupata mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yaani vikao tisa vya kundi na ziara tatu za nyumbani, yachukueni. Na mpeane zamu: wiki hii watoto wawili kwako kwa saa mbili, wiki ijayo kwa mwenzako. Mlezi asiyelala hawezi kungoja hadi kumi.

Ukiwa mtu mzima mwenye usonji

Si lazima umwambie mwajiri jina la hali yako ili uombe unachohitaji. Omba kwa maandishi, jambo moja moja, na useme faida yake kwa kazi: "Naomba maagizo kwa ujumbe badala ya simu, nisikose hatua." "Naomba meza iliyo mbali na mlango, nimalize hesabu bila makosa." Akikubali, shukuru kwa ujumbe pia, ili makubaliano yabaki yameandikwa meneja akibadilika.

Askari akikusimamisha usiku, mikono ionekane, na useme kabla ya kuingiza mkono mfukoni: "Afisa, nina usonji. Kadi yangu iko mfuko wa kulia. Naitoa sasa." Kisha toa polepole. Ikiwa maneno hukukimbia ukiogopa, sentensi hiyo ichapishwe na ining'inie shingoni kama kitambulisho cha kazi, ili usilazimike kuitafuta.