Jinsi ya kuomba cheti cha uraia ukiwa Lubumbashi

Wengi wetu tunakumbuka cheti cha uraia siku kinapotakiwa: mtoto amepata nafasi ya masomo ng'ambo, kazi ya Leta (serikali) inakidai, au mtu anataka jina lake liingie kwenye orodha ya wagombea. Tunafika ofisini mbio mbio, na mbio hizo ndizo zinazotufanya tulipe hela pasipostahili. Cheti hiki, ambacho kwenye karatasi za Leta kinaitwa certificat de nationalité, hakikufanyi kuwa Mkongomani. Kinathibitisha uraia ulio nao tayari, na ni juu yako mwombaji kuleta ushahidi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika nyumbani na kwenye komine (ofisi ya Leta ya sehemu yako ya mji), kabla hujaonana na karani yeyote wa sheria.

Kwanza, jua uraia wako unatoka wapi. Sheria inayotumika ni namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004. Kwa sheria hiyo, Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Congo ilipopata uhuru mwaka 1960. Wazee wanaweza kukutajia miaka mingine, na hawasemi uongo: Katiba ya 1964 ilihesabu kuanzia 18 Oktoba 1908, na sheria ya 1981 ikarudi nyuma hadi 1 Agosti 1885. Hesabu hizo zimekwisha. Ya leo ni ya uhuru.

Kisha kuna kanuni ambayo ningependa kila mama wa komine zetu za Kenya, Katuba na Ruashi aijue kwa moyo: mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake ni Mkongomani, awe baba, awe mama. Mmoja anatosha. Mji huu ulijengwa na watu wa pande nyingi. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, na Wagiriki na Waitaliani wakaja kufungua maduka. Hadi leo kuna vijana wanaoambiwa kwenye kartie (mtaani) kwamba si wa hapa kwa sababu baba zao ni wageni. Mswada uliopelekwa bungeni mwaka 2021, wa kutaka urais uwe wa waliozaliwa na baba na mama Wakongomani, uliongeza hofu hiyo. Haukupita kuwa sheria. Ikiwa mama yako ni Mkongomani, jenga faili lako juu ya karatasi za mama, wala usione haya.

Hatua ya pili ni hati ya kuzaliwa, na hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama. Tangu Kanuni ya Familia ilipobadilishwa mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya etat-civil ya komine, inayoandika vizazi, ndoa na vifo, na ndani ya muda huo kuandikisha ni bure. Karatasi ya hospitali peke yake si hati ya kuzaliwa. Ni ya kupeleka komine ili hati iandikwe. Siku 90 zikipita, unahitaji hukumu ya mahakama inayoitwa jugement supplétif: kwa mtoto unakwenda kwenye mahakama ya watoto, kwa mtu mzima kwenye mahakama ya amani (tribunal de paix). Ukishaipata usiifungie kabatini. Omba pia karatasi ya kwamba hakuna aliyekata rufaa (certificat de non-appel), rudi nazo komine, ili hati ya kuzaliwa iandikwe kwenye daftari. Watu wengi wanabaki na hukumu tu mkononi, wakidhani wamemaliza.

Tatu, majina. Kabla ya kupeleka chochote, tandika mezani hati yako ya kuzaliwa, karte yako ya uchaguzi, diploma, na karatasi za mzazi wako, usome herufi kwa herufi. Karani atafanya hivyo hivyo. Ataweka kidole kwenye karatasi moja, kingine kwenye ya pili, na kuuliza: «Mama, huyu Muamba na huyu Mwamba ni mtu moja?» Kyungu na Kiungu, Ilunga na Ylunga, hayo yote yanasimamisha faili. Shida nyingine inatoka mbali: mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo mzazi aliyebatizwa Joseph anaweza kuonekana kwenye karatasi za Zaire bila Joseph, halafu jina likarudi kwenye karatasi za baada ya 1990. Ukiona tofauti ya namna hiyo, ishughulikie mapema kwenye komine au mahakamani. Usijaribu kuchora herufi kwa kalamu yako. Kosa la karani linasahihishwa, lakini karatasi iliyoguswa na mkono wa mwenyewe inakuwa kesi.

Baada ya hapo kuomba chenyewe si kugumu. Unaandika barua kwa Waziri wa Sheria, kwa sababu cheti kinatolewa kwa jina lake, unaambatanisha nakala za hati yako ya kuzaliwa, kitambulisho, karatasi za mzazi na picha, kisha unapeleka kwenye Divisheni ya Sheria ya mkoa. Uliza kule kule orodha kamili ya siku hiyo. Ada inalipwa kwa note de perception (karatasi ya Leta inayoonyesha kiasi cha kulipa), na hela inaingia benki. Anayekuomba pesa mkononi bila karatasi, mwambie kwa heshima: «Baba, nipe note, nitalipa benki.» Tunza risiti na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Mgeni anayetaka kuwa Mkongomani ana njia nyingine, ndefu zaidi. Anatakiwa awe mtu mzima, awe ameishi Congo miaka saba, awe na mwenendo mwema, ajue lugha moja ya Congo (Kiswahili kimo), na aahidi kwa maandishi kuacha uraia wake wa zamani. Aliyeoa au kuolewa na Mkongomani anaweza kuomba baada ya miaka saba ya ndoa, kama bado wanaishi pamoja. Ndoa peke yake haimpi uraia. Na aliyezaliwa hapa kwa wazazi wageni anaweza kuomba akifika miaka 18, ikiwa makao yake ni Congo.

Kupoteza uraia ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Kifungu cha kwanza cha sheria, na kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006, vinasema uraia wa Congo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tunaoishi karibu na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tuwe macho hapa. Tangu 2016 Zambia inaruhusu raia wake kuwa na uraia mbili, na ndugu zetu wa Kitwe na Ndola wanadhani ruhusa hiyo inawalinda pande zote. Inawalinda upande wa Zambia tu. Mkongomani akipokea uraia wa Zambia, au wa Ubelgiji, kwa sheria yetu amepoteza wa Congo, hata kama karte yake ya uchaguzi bado iko mfukoni.

Aliyekuwa Mkongomani wa asili anaweza kuurudisha kwa tamko. Linaandikwa nakala mbili na kupelekwa kwa Waziri wa Sheria kwa barua ya rejista, likiwa na sahihi iliyothibitishwa na anwani aliyochagua ndani ya Congo. Ni lazima pia aonyeshe kwamba bado ana uhusiano na nchi, wa jamaa, wa kazi au wa mali. Uraia unahesabiwa kuanzia siku tamko linapoandikishwa, haurudi nyuma. Kwa hiyo mwenye mpango wa kugombea au kuomba kazi ya Leta apeleke tamko kwanza, na asubiri liandikishwe kabla ya kutia sahihi karatasi nyingine yoyote inayosema yeye ni Mkongomani.