Kuchunguza ufundi wa majahazi kwa kamera na daftari

Tuchukue mfano wa mafundi wa Nungwi, Unguja, wakitia kalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao ili chombo kisivuje.

1. Ruhusa. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, halafu fundi mkuu, kisha kila atakayeonekana. Ridhaa ya kupigwa picha iombe peke yake, na ya kuitoa mtandaoni peke yake. Siku ya kwanza kamera ibaki mkobani.

2. Saa. Linganisha saa ya kamera na ya simu. Wanaanthropolojia Gregory Bateson na Margaret Mead walipiga maelfu ya picha Bali, kisiwa cha Indonesia, kuanzia 1936. Zinasomeka hadi leo kwa kuwa maandishi ya Mead yana muda wa kila tukio. Tahadhari: fundi akisema saa nne asubuhi, kamera inaonyesha 10:00. Daftarini andika saa ya kamera tu.

3. Kupiga. Kila tendo lipige kwa mbali (nani yuko wapi), kwa kati (mwili na zana) na kwa karibu: vidole, patasi, uzi wa pamba unavyozama. Lenzi ya 35 mm inatosha. Tezo inaposhuka tumia kasi ya 1/500 ya sekunde, la sivyo utaambulia ukungu. Mchanga mweupe huidanganya kamera na nyuso zikatoka giza, kwa hiyo ongeza mwanga +1. Lenzi usibadilishie ufuoni. Na kama fundi anatumia drili ya umeme, ipige. Ukiikwepa eti keekee, drili ya jadi ya mkono, inapendeza zaidi, unatunga utamaduni.

4. Daftari. Mstari mmoja kwa kila tendo, jioni ileile ongeza namba ya picha:

*0412 / 10:20 / F2 / anashindilia pamba, upande wa tezi / "bado inakunywa"*

F2 ni fundi wa pili, tezi ni nyuma ya chombo, na yaliyo kwenye alama za kunukuu ni maneno yake fundi. Majina yakae kwenye daftari jingine.

5. Kurudisha picha. Hapa ndipo utafiti ulipo, na ndiyo hatua wengi wanayoiruka. Chapisha picha 12 hivi za sentimita 10 kwa 15, karatasi isiyong'aa, namba nyuma. Simu haifai: juani haionekani, na mtu huzipitia harakaharaka. Zichanganye, mpe fundi azipange kwa mfuatano wa kazi, huku ukirekodi sauti. Usiulize "Hapa mnatia kalafati?" Atakuitikia kwa adabu tu. Uliza "Hapa pana nini?" kisha nyamaza. Akiuliza mbona picha fulani haipo, hiyo ndiyo kazi yako ya kesho. Mafundi wawili wakizipanga tofauti usisuluhishe. Piga picha mipangilio yote miwili, muulize kila mmoja sababu, na nakala waachie.