Udongo wa jembe hausemi tani ngapi

Juzi, upande wa Marafa, nimekabidhiwa tena mifuko 18 ya udongo uliochotwa kwa jembe. Wenyewe wanataka kujua kama kupumzisha malisho kumeongeza kaboni ardhini. Jibu halimo humo. Maabara itawapa asilimia tu, na asilimia haihesabiki kuwa tani bila kujua uzito wa udongo mkavu katika ujazo uliopimwa.

Hesabu ni asilimia ya kaboni, mara gramu za udongo mkavu kwa kila sentimita ya ujazo, mara kina. Mchanga wenye kaboni asilimia 0.6, uzito gramu 1.5 na kina cha sentimita 30 hutoa tani 27 kwa hekta. Ng'ombe wakiukanyaga hadi 1.7, hesabu ileile inaruka hadi 30.6. Kaboni haikuongezeka hata chembe, ila watu wanashangilia tani 3.6 zilizoletwa na kwato! Udongo uliokuwa ndani ya sentimita 30 sasa umeshindiliwa ukaingia 26.5. Pigeni hesabu hadi kina hicho, si 30.

Chukueni kipande cha bomba la chuma, kipenyo cha ndani sentimita 5, kimo 5. Hubeba sentimita za ujazo 98. Tano kamili, jamani, si "karibu tano": kipenyo kikiwa 5.5 ujazo unazidi kwa asilimia 21. Wekeni ubao juu, mgonge taratibu, mkome ukingo ukilingana na udongo. Anayeendelea kugonga anaushindilia mwenyewe. Chimbeni pembeni, mlitoe, mkate kwa kisu juu na chini. Fanyeni hivyo katikati ya kila tabaka: sentimita 0–10, 10–20, 20–30. Kisha oveni, nyuzi 105, saa 24. Gramu 147 mkizigawa kwa ule ujazo wa 98, ndiyo 1.5. Jua halitoshi, hata hili la Malindi. Udongo wa kupimia kaboni ni mwingine, huo anikeni kivulini.

Mchanga mkavu kabisa humwagika bombani, basi ngojeni siku tatu nne baada ya mvua. Mkipima Julai, rudini Julai, miaka mitano baadaye. Mwakani ni mapema mno. Na penye zizi la zamani msiguse, samadi itawadanganya.

Nyasi za kudumu zikifunga ardhi, mnaelekea pazuri.

Ile mifuko 18 iko ofisini. Wenyewe waje waichukue, na bomba mkononi.