Una mti wenye mnana karibu na kwako? Hivi ndo unavyoweza kuwafuatilia msimu wa kuzaliana

Watu wakisikia mambo ya kuangalia ndege wanawaza mbuga, landrova na darubini ya bei mbaya. Mi nakwambia kama uko pwani, Tanga, Bagamoyo, Dar au Mombasa huko, tafuta mnazi au mti wowote wenye vile viota vya kuning'inia kama vikapu, ndo vya mnana, wale ndege wafumaji, hapo hapo anza, na usihangaike na ndege mia, shika mti mmoja msimu mzima.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) ukiipata sawa, ukikosa macho yanatosha, mnana hawana habari na watu, tena wanapenda kweli kujenga karibu na nyumba. Cha lazima ni daftari. Simu usiitegemee sana, utapiga picha mia mbili na hakuna hata moja utakayokumbuka ni ya kiota gani.

Anza kabla masika hayajakolea, kama Machi hivi. Mvua ikishika, majani yakachipua na wadudu wakajaa, utaona dume anabadilika, yule yule aliyekuwa amefifia kama jike sasa kawa wa njano. Yule wa kichwa cheusi jicho jekundu ndo wa kawaida, ila pwani utakuta na wengine kichwa cha rangi ya chungwa, usichanganye, andika mti wako una wa aina gani.

Sasa siku za kwanza kaa chini kwa muda wa saa moja tu asubuhi, usitembee tembee. Angalia dume mmoja anavyochana ukuti, anang'ata ukingo wa jani kisha anaruka nao, jani linachanika lenyewe ukanda mrefu, anarudi nao anaufunga kwenye kitawi. Kwanza anatengeneza pete. Akishamaliza pete anasimama ndani yake na hapo ndo utamu ulipo, maana kile chumba anakisuka mbele yake mpaka pale mdomo unapofika bila kugeuka, mlango unabaki upande wa pili ukiangalia chini. Yaani kipimo chake ni shingo yake mwenyewe, hana futi wala nini.

Kiota kikiwa tayari anajitundika chini yake kichwa chini miguu juu, anapiga mbawa na kelele kama mpiga debe wa stendi, anaita majike waje kukagua. Jike anaingia, anavuta vuta nyuzi, anatoka. Akikataa basi. Na kiota kikishakauka kuwa cha kahawia bila mpangaji, mara nyingi dume mwenyewe anakibomoa anaanza kingine pale pale, mwaka wa kwanza mi nilidhani wanagombana kumbe jamaa anarudia kazi.

Kwa hiyo rangi ndo saa yako. Chora mti kwenye daftari, vipe viota namba, kila asubuhi andika kijani au kahawia na nani kaingia. Jike akianza kuingiza manyoya na majani laini ujue kakubali, anatandika. Akipotea ndani muda mrefu analalia, hesabu kama siku 12. Ukimuona anaingia na mdudu mdomoni, makinda yapo, na hapo una kama wiki mbili na nusu hadi tatu kabla hayajaruka. Mimi hesabu hizi zilinikosea mara mbili kwa sababu nilichanganya kiota namba 4 na 5, ndo maana nasisitiza kuchora.

Usipande, usiinamishe tawi, usichokonoe na fimbo. Nilishafanya huo ujinga, nikavuta ukuti nichungulie mayai, mnana wote wakapiga kelele, na kunguru waliokuwa kwenye paa la jirani wakawa wananiangalia mimi. Kesho yake kile kiota kilikuwa kimepasuliwa ubavuni. Siwezi kuapa ni kwa sababu yangu lakini tangu siku hiyo nakaa mita kumi.

Mwingine wa kumvizia ni kekeo, wale ndege wadogo wa kijani kinachong'aa, tumbo jeupe. Ukisikia mluzi wa dume dii-dii-dideriki karibu na mti jua huenda jike lake linatafuta kiota cha mnana cha kutagia bure. Ila mnana nao wajanja, kila jike ana rangi yake ya mayai, kuna meupe, ya bluu, ya kijani yenye madoadoa, kwa hiyo yai geni lisilofanana na yake mara nyingi analijua na kulitupa nje. Wewe chini ya mti hutaona yote hayo, utaona tu kekeo akifukuzwa, andika na muda.

Ukitaka kumtambua ndege usiyemjua, programu ya simu inayoitwa Merlin ni ya bure na inasikiliza sauti, na hesabu zako unaweza kuziweka eBird, tovuti ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege.

Msimu ukiisha viota vikavu vitaanza kuanguka na upepo. Okota kimoja, kikung'ute kwanza maana sisimizi wanahamia fasta, halafu kifungue taratibu uitafute ile pete ya mwanzo. Mimi ilinichukua nusu saa kufungua fundo moja, na nina vidole kumi.