Mtu akiumia ku shantie, nani atamurudishia nani pesa? Andikeni mbele kazi haiyaanza

Wakubwa na wandugu tunaochukua kazi za kujenga hapa Lubumbashi, hii mambo tuiongee vizuri. Nilikuwa na shantie ya etaje mbili, kazi kubwa ni yangu, kipande kimoja cha kazi nikampa mwenzangu na ba fundi wake. Asubuhi moja kijana wake akapanda eshafodaje (zile mbao za kusimamia juu wakati wa kujenga), kumbe kuna ubao ulitolewa misumari jana yake ili watu wapitishe tiyo, akakanyaga pale akaanguka, mguu ukavunjika mahali pawili. Mpaka saa sita tulikuwa tunabishana mbele ya hospitali nani atatoa pesa ya kwanza, na yeye amelala pale anatusikia. Nilisikia haya sana.

Shika hii kwanza: kontra yenu ni ya ninyi wawili. Code civil yetu (sheria ya mapatano na madeni ya watu), Livre III, kifungu cha 33 inasema mapatano ni sheria kwa wale walioyafanya, na huyu kijana hakusaini kitu. Vifungu vya 258 mpaka 260 vinasema mwenye kosa alipe, mwenye uzembe alipe, na patro anajibu kwa watu wake na kwa vitu anavyolinda. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "kamuulize mwenzangu, tuliandikiana". Kipengele cha kurudishiana, ni kusema yale maneno ya kontra yanayosema nani atamurudishia nani pesa, kinafanya kazi nyuma yake, wakati mmoja amekwisha kulipa na anataka mwenzake amurudishie.

Mbele ya kusaini omba mwenzako namba yake ya CNSS (kasi ya serikali ya kulinda wafanyakazi) na resi za malipo ya karibuni. Mchango wa ajali za kazi ni asilimia 1,5 ya mshahara na ni patro anaulipa, ni kidogo sana ukilinganisha na fakture ya operasyo. Akikujibu "tutaipanga", ngoja aipange ndio aanze kazi.

Sasa maneno yenyewe. Mimi nilikuwa ninaandika "sutretan (yule niliyemupa kipande cha kazi) atalipa hasara yote", nikifikiri nimejikinga. Ni mbaya, kwa sababu unamubebesha mtu mdogo kosa ambalo pengine ni lako, na siku ya shida hana kitu, atazima telefone tu. Andika hivi: "Kila upande utamurudishia mwenzake kile alicholipa, kwa kipimo cha kosa lake, la watu wake au la vyombo vyake." Ongeza kama pesa ya avoka iko ndani ao hapana. Ongeza siku ngapi za kumwandikia mwenzako kisha ajali, sisi tunaweka mbili, na kwamba hakuna mtu atapatana na aliyeumia bila kumjulisha mwingine. Kama unataka kukata ku fakture yake iliyobaki, sema mwisho ni kiasi gani, usikate kwa hasira.

Na eshafodaje, andika jina: nani ameisimamisha, nani anaipima kila asubuhi, nani anaruhusiwa kutoa ubao. Kwetu ubishi wote ulikuwa hapo tu, maana hakuna mtu alikuwa ameandika.

Asiransi nayo usiamini kwa mdomo. Tangu sheria ya 2015 SONAS, kampuni ya serikali ya asiransi, haiko peke yake, kuna kampuni zingine, basi omba atestasyo, tazama tarehe na kiasi. Halafu peleka kile kipengele cha kurudishiana kwa asirere (mtu wa asiransi) akisome mbele hamujasaini, kwa sababu kontra nyingi za asiransi zinafunika kosa lako lakini hazifunike ahadi uliyojiongezea mwenyewe ku kontra.

Ikitokea: hospitali kwanza, yeyote mwenye pesa mfukoni atoe na achukue resi. Piga picha mbele mtu hajagusa mbao, andika majina ya walioona, patro wake ajulishe CNSS na inspeksyo ya kazi haraka, nawe mwandikie mwenzako barua, asaini kwamba ameipokea.

Siku hizi kapita wangu na kapita wa mwenzangu wanapanda pamoja saa moja kasoro, wanakanyaga kila ubao, halafu wanasaini kaye moja ndio vijana wapande.